Kanuni ya Saba: Kula ni Lazima

Kavinya Katuku, bingwa wa sataranji wa wasichana wa Pwani nzima, husema aliyemfundisha mchezo huo ni Mwalimu Maundu. Mwalimu Maundu husema ni Mungu. Wote wawili wanakosea, lakini kwa nia njema. Aliyemfundisha ni mimi, Tryphena Mghoi, na ndiyo sababu siku ya fainali nilitamani sakafu ya ukumbi ipasuke inimeze.

Mambo yalianza na mbuzi. Mbuzi wa Madam Pauline, mwalimu mkuu wetu, alionekana kwenye gwaride la Jumatatu akiwa amevaa tai ya shule na beji ya kiranja. Uchunguzi ulifanywa, ikagunduliwa kwamba tai ilikuwa yangu. Nilihukumiwa kukaa stoo ya michezo kila alasiri kwa wiki mbili nikihesabu mipira. Mipira ilikuwa mitatu.

Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na sanduku. Wageni waliokuja kuona ndovu Tsavo waliharibikiwa na gari karibu na geti letu, wakapewa chai na mkate, na walipofika kwao wakatuma shukrani: mbao kumi za sataranji pamoja na kete zake, na kijitabu cha kanuni. Kijitabu kilikuwa cha Kijerumani.

Mwalimu Maundu alikuja kukiangalia. Yeye ni mwalimu wa historia, na wa michezo pia, kwa sababu siku ya kugawana kazi alichelewa kufika.

"Mghoi," akaniambia, "wewe una mwandiko mzuri na muda mwingi. Unajua Kijerumani?"

"Kidogo, Mwalimu."

Kijerumani nilichokijua kilikuwa jina la gari la mjomba wangu.

"Vizuri sana. Nitafsirie hizi kanuni. Kesho nazitaka ofisini."

Kusema haki, mchezo wenyewe niliujua. Binamu yangu Maxwell alikuwa amenifundisha kwenye simu likizoni, kwao Wundanyi, na ningeweza kabisa kuandika ukweli mtupu. Nilianza hivyo. Kanuni sita za kwanza hazina doa: jinsi farasi anavyoruka, jinsi askofu anavyokwenda mshazari, na kadhalika. Ile kete iliyochongwa kama mnara, inayokwenda moja kwa moja mbele au kando, niliiita ndovu, maana mtu yeyote aliyelima Sagalla anamjua mnyama anayepita moja kwa moja bila kujali ua wa nani. Hiyo naihesabu kuwa elimu.

Lakini nilipofika kanuni ya saba alasiri ilikuwa bado ndefu, mabati yalikuwa yanachemka, na mipira ilikuwa bado mitatu.

Kanuni ya saba nikaandika hivi: kula ni lazima. Mchezaji akipata nafasi ya kula kete ya mwenzake, sharti aile, na akikataa, kete iliyokataa kula itatolewa ubaoni. Hiyo niliikopa kwenye drafti ya watu wa bodaboda stejini. Ya nane nikaitunga mwenyewe: mfalme hashambuliwi kabla ya kuamkiwa. Anayeshambulia atasema "Shikamoo," na mwenye mfalme ataitikia "Marahaba" kwa niaba yake. Asipoitikia amepoteza mchezo kwa utovu wa adabu. Ya tisa ilikuwa kwa ajili ya amani ya makanisa: askofu hamli askofu mwenzake, wakikutana wapishane. Hapo dhamiri ikanisuta, nikamalizia na moja ya kweli. Askari mdogo akivuka ubao wote bila kuliwa, anageuka kuwa malkia.

Mwalimu Maundu aliisoma karatasi yote akiwa amesimama. Alipofika ya nane aliinua macho.

"Wajerumani husema shikamoo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote isipokuwa hilo. Lakini mtu wa historia hashindwi. Alitazama dirishani, upande wa Taveta.

"Walikaa pale wakati wa Vita vya Kwanza," akasema polepole. "Taveta mpaka Salaita. Huenda walijifunza adabu huko." Akaendelea kusoma. Alipofika ya kumi alikunja uso. "Sasa hii ndiyo siielewi. Askari wa kawaida awe malkia? Una hakika umetafsiri sawa?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Mwalimu."

"Hm. Wazungu hawa." Akatia sahihi, akapiga muhuri wa shule, akaibandika kwenye ubao wa matangazo.

Nilipanga kuibandua karatasi hiyo Ijumaa, watu wakishacheka. Nilisahau kwamba Mwalimu Maundu ni katibu wa michezo ya shule za kaunti. Kufikia Alhamisi alikuwa amesambaza nakala Mwatate, Wundanyi na Taveta, zote zikiwa na muhuri. Muhula ulipofungwa, wasichana wa kaunti nzima walikuwa wanaamkia wafalme.

Na hapo ndipo Kavinya alipotokea.

Alikuwa Kidato cha Kwanza, mdogo, mkimya, mtoto wa Kaloleni pale Voi. Baba yake, Mzee Katuku, ana bodaboda, na kati ya abiria mmoja na mwingine hucheza drafti ya visoda vya chupa stejini. Kavinya alikulia pale, kidevu kikiwa kimekaa juu ya ubao. Wengine wote waliposoma karatasi yangu waliuliza maswali. Yeye aliposoma kanuni ya saba alitabasamu kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Kula ni lazima," akasema. "Basi kazi ni kulisha tu."

Katika drafti mtu hauawi kwa kunyimwa, anauawa kwa kukaribishwa. Unamsogezea mwenzako kisoda kimoja, analazimika kukila, na akishakila anajikuta amesimama mahali ambapo wewe utakula vyake vitatu. Kavinya alihamisha ukarimu huo wote kwenye sataranji. Alimsogeza farasi wake hadi mdomoni mwa adui, akakunja mikono, akanong'ona, "Karibu." Mchezo wake wa kwanza alicheza na mimi. Nilikula farasi wawili, ndovu mmoja na askofu, nikashiba, nikaamkiwa, nikaitikia, nikafa. Ilichukua dakika kumi na moja.

Nilitaka kumwambia ukweli siku hiyo hiyo. Lakini utamwambiaje mtu aliyekupiga hivyo kwamba kanuni ulizitunga wewe?

Mwaka huo akawa bingwa wa shule, kisha wa kaunti. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa kaunti tena. Fainali ya pili ilichezwa Taveta, na mpinzani wake, msichana mmoja shupavu sana, alikuwa akielekea kushinda, kisha Kavinya akamwambia "Shikamoo" na yeye, kwa kuchanganyikiwa, akajibu "Poa." Alitolewa mchezoni papo hapo. Redio moja ya Voi ilimhoji Kavinya na kumuuliza siri ya mafanikio yake. "Nakaribisha wageni," akasema, na mtangazaji akapiga wimbo wa injili.

Mwaka huu ndipo barua ilipokuja. Kwa mara ya kwanza sataranji ingechezwa kwenye mashindano ya shule za Pwani, na wenyeji tungekuwa sisi, mjini Voi. Wangekuja Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River. Msichana mmoja, mmoja tu, angeingia kikosi cha Kenya na kwenda kucheza Kampala.

Kavinya alikuwa hajawahi kwenda mbali kuliko Kibwezi kwa nyanya yake. Barua ilipobandikwa, alikwenda mjini kupigwa picha ya pasipoti, akaiweka ndani ya Biblia yake, kwenye kitabu cha Kutoka. Aliifua sweta yake ya kijani wiki tatu kabla ya wakati, akaikunja, akakataa kuivaa hata asubuhi zenye ukungu. Ilikuwa ya Kampala.

Barua hiyo ilikuwa na mstari mwingine. Ulisema mashindano yatachezwa kwa kanuni za kimataifa.

"Si ndizo zetu?" Mwalimu Maundu akasema kwa furaha. "Zimetoka Ujerumani."

Jumatatu ya wiki ya mashindano nilikwenda kumwambia Kavinya ukweli, akanionyesha picha ya pasipoti. Jumanne nilikwenda tena, akaniuliza kama Kampala kuna baridi. Jumatano ilikuwa siku ya mashindano kuanza. Nilimpata asubuhi kwenye foleni ya maji, lori la maji lilikuwa limefika limechelewa kama kawaida, na alikuwa ameketi juu ya mtungi wake mtupu akicheza mchezo kichwani.

"Kavinya, kuna jambo. Kula si lazima."

"Umeshiba?"

"Sio mimi. Kwenye chesi. Kanuni ya saba niliitunga. Na ya nane, na ya tisa. Nilikuwa nimeboeka stoo."

Foleni ilisonga, sisi hatukusonga.

"Yaani mtu akikaribishwa," akasema mwishowe, "anaweza kukataa?"

"Anaweza."

"Na asifanywe kitu?"

"Asifanywe kitu."

"Na mimi je? Mimi pia ninaweza kukataa?"

"Hata wewe."

Akainamisha kichwa. "Tryphena. Miaka miwili na nusu nimekula hata nilipokuwa sitaki." Kisha akashtuka. "Na askofu?"

"Anaweza kumla mwenzake."

"Aki wewe utachomwa moto," akasema, na hakuwa anatania. Alichukua mtungi wake. "Mwalimu anajua?"

"Nitamwambia fainali ikiisha. Naapa."

"Usiape. Mwambie tu."

Basi raundi za kwanza zikachezwa, na nilikaa nimeng'ata kucha. Nilidhani watu wa nje wangeiona mitego yake na kuipita. Sikuwafahamu binadamu. Msichana wa Kilifi hakulazimishwa na mtu yeyote, lakini alikula kila alichowekewa mpaka mfalme wake akabaki peke yake. Wa Kwale hivyo hivyo. Kavinya aliwaamkia wafalme wao kwa sauti ya chini, maana ulimi ulikuwa umeshazoea, wa Kilifi aliitikia bila kuinua macho, wa Kwale akauliza, "Nani, mimi?" na mwamuzi, aliyekuwa na meza nyingi za kuangalia, hakusikia.

Shida ilikuwa Kavinya mwenyewe. Kila alipowekewa kete, alikula.

"Kwa nini ulimla yule farasi?" nilimuuliza wakati wa chakula, juu ya sahani za githeri. "Alikuwa mtego. Kidogo tu ushindwe."

"Kichwa kilijua. Mkono haukujua." Aliutazama mkono wake wa kulia kama mtoto wa mtu mwingine. "Unakula wenyewe."

Meza ya pili kutoka kwetu aliketi msichana wa Mombasa, Zulfa Shee, aliyekuwa ameshinda michezo yake yote bila kutoa jasho. Alikuwa anakula taratibu na kumtazama Kavinya. Hakuutazama uso wake, alikuwa anautazama ule mkono.

Fainali ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, Kavinya na Zulfa, kwenye jukwaa la ukumbi. Shule za kaunti yote zilileta wasichana wao, benchi zikajaa, mapanka ya darini yakizunguka bila kufanya kazi. Mwalimu Maundu alikaa mbele kabisa na suti yake ya harusi. Mwamuzi alikuwa Bwana Kimanzi kutoka Nairobi, mtu mwembamba mwenye faili nene, ambaye aliitamka kila sentensi kama anaisoma.

Zulfa hakuwa kama wa Kilifi. Alikula alichopewa, lakini kwa adabu, kama mgeni anayejua kwamba pilau bado iko jikoni. Mchezo ulikwenda saa nzima, hakuna aliyemzidi mwenzake. Kisha Kavinya akasogeza askofu wake, mfalme wa Zulfa akawa hatarini, na kabla sijafumba macho nikasikia:

"Shikamoo."

"Marahaba," Zulfa akajibu hapo hapo. Alilelewa vizuri.

Bwana Kimanzi akasimamisha saa. "Mnazungumza?"

"Hatuzungumzi," Zulfa akasema. "Ameniamkia, nimemwitikia. Ulitaka ninyamaze kama sina wazazi?"

"Hakuna maneno kwenye mchezo. Hili ni onyo kwa wote wawili. Atakayefungua mdomo tena kabla ya mchezo kwisha, amepoteza."

Wasichana wa Taita Taveta waliguna. Nyuma yangu mmoja alinong'ona, "Sasa mfalme atashambuliwa namna gani? Kama mbwa?" Mwalimu Maundu alitoa kalamu na kuandika kitu kwenye daftari.

Saa ikaendelea. Na hapo Zulfa akafanya alichokuwa amekisubiri tangu jana yake. Alimchukua ndovu wake, mnene, wa thamani, akamsogeza mpaka kwenye mshazari wa malkia wa Kavinya, akamwacha hapo bila ulinzi. Kisha akakunja mikono yake. Hakusema karibu, lakini ilikuwa karibu kubwa kuliko zote nilizowahi kuona.

Mtego niliuona hata mimi. Malkia wa Kavinya akimla ndovu, anatoka nyumbani, na baada ya hatua mbili mfalme wake hana pa kukimbilia. Lakini wasichana mia mbili waliokuwa ukumbini walikuwa wamelelewa kwa kanuni ya saba. Wote walisogea mbele kwenye benchi kwa pamoja, na benchi zikalia. Kila jicho lilisema: ule.

Mkono wa kulia wa Kavinya ukainuka. Hakuuinua yeye, uliinuka tu. Ukafika juu ya malkia, vidole vikafunguka. Nilifikiria sweta ya kijani. Nilifikiria kitabu cha Kutoka. Mkono ukabaki hewani kama mtu aliyesimama mlangoni mwa jikoni.

Kisha Kavinya akaurudisha mkono polepole, akauweka kitini, akaukalia.

Mwalimu Maundu alikohoa kwa mshtuko. Kwa mkono wa kushoto, taratibu, maana hakuuzoea, Kavinya akamsogeza askari mmoja wa pembeni hatua moja mbele. Alikuwa askari ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemwangalia tangu mchezo uanze.

Zulfa aliutazama ubao, akautazama mkono uliokaliwa, na kwa mara ya kwanza akakunja uso. Alijaribu kurudi nyuma kumzuia yule askari, lakini ndovu wake alikuwa mbali, amekwenda kuwa chambo. Askari akasonga tena. Akasonga tena. Akafika mwisho.

Alitakiwa kuwa malkia, lakini sandukuni hakukuwa na malkia wa pili. Bwana Kimanzi akasimamisha saa, akatafuta kwenye masanduku mengine, akakuta kila malkia wa akiba alikuwa amepotea tangu mwaka juzi. Kavinya akachomoa mfukoni kisoda cha baba yake, cha soda ya machungwa, akakiinua. Mwamuzi alipekua faili yake kwa dakika tatu nzima, hakupata mahali palipokataza kisoda, akatikisa kichwa kukubali.

Kisoda kikakaa mahali pa askari, na mfalme wa Zulfa akawa ameshambuliwa, na hakuwa na pa kwenda.

Kavinya akafungua mdomo. Bwana Kimanzi akainua kalamu. Mdomo ukafungwa. Badala yake Kavinya akainamisha kichwa, kidogo tu, kumwelekea mfalme.

Zulfa aliutafuta mlango kila upande wa ubao. Alipoukosa, alivuta pumzi.

"Marahaba," akasema, akamlaza mfalme wake.

"Mchezo umekwisha," Bwana Kimanzi akasema haraka, kana kwamba tumemuuliza. "Anaweza kusema anachotaka."

Tulipiga kelele mpaka njiwa wakatoka darini. Wasichana walikuwa wanamkimbilia Kavinya jukwaani wakati Mwalimu Maundu aliposimama. Alikuwa ameshika karatasi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mheshimiwa mwamuzi," akasema, "mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kunyamaza. Kwa uchungu mkubwa, nakata rufaa dhidi ya mchezaji wangu mwenyewe."

Wasichana waliokuwa wakikimbia wakasimama njiani.

"Alipewa ndovu, akakataa kumla. Kanuni ya saba inasema malkia wake alipaswa kutolewa ubaoni. Na bila malkia huyo, Mombasa wangeshinda. Ushindi huu si wetu."

"Kanuni ya saba ya wapi?" Bwana Kimanzi akauliza.

"Niliituma kwako mwezi uliopita. Ina muhuri."

Mwamuzi akafungua faili yake nene. Karatasi yangu ilikuwa mle ndani tangu mwezi uliopita, haijasomwa, kama karatasi zote zilizo ndani ya faili nene. Aliisoma. Alisoma kanuni ya nane mara mbili, akamtazama Zulfa kwa jicho jipya. Kisha akavua miwani.

"Kwa utaratibu wetu," akasema, na sauti yake haikuwa na furaha, "kanuni za ziada za mwenyeji, zikiwa na muhuri na zikipokelewa kabla ya mashindano, zinanibana. Sikuzipenda, lakini zinanibana. Nisipoonyeshwa kwamba hati hii si halali, nitalazimika kumpa Mombasa ushindi."

Kavinya alikuwa bado ameukalia mkono wake. Hakunitazama. Ningependelea anitazame, anikodolee macho, anitukane kwa Kikamba. Alikitazama kisoda tu.

Nikasimama.

"Hati hiyo si halali. Niliiandika mimi."

"Aliitafsiri," Mwalimu Maundu akamsaidia mwamuzi kuelewa. "Kutoka Kijerumani."

"Sikuitafsiri, Mwalimu. Mimi sijui Kijerumani."

Mwalimu alinigeukia. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na wale Wajerumani wa Taveta?"

"Hawakusema kitu, Mwalimu. Nilitunga. Nilikuwa stoo, kulikuwa na joto, na mipira ilikuwa mitatu."

Watu mia mbili walikuwa wananitazama, na wote, kwa miaka miwili na nusu, walikuwa wamekula kwa amri yangu. Msichana wa Taveta, yule wa "Poa," alisimama taratibu kwenye benchi la nyuma ili anione vizuri. Niliuweka uso wake moyoni, kwa usalama wangu.

Mwalimu Maundu aliikunja karatasi mara mbili, halafu mara nne. "Na ile ya kumi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ya askari kuwa malkia?"

"Hiyo ni ya kweli."

"Hiyo peke yake ndiyo niliyoitilia shaka," akasema, akaketi.

Bwana Kimanzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma alichokiandika: hati imefutwa, matokeo yanabaki, Kavinya Katuku wa Taita Taveta anakwenda Kampala. Hapo ndipo Kavinya alipoutoa mkono wake kitini. Ulikuwa umekufa ganzi, akashindwa kumpa mwamuzi mkono, ikabidi Zulfa amshikie na kumsugua vidole.

"Wewe," Zulfa akaniita nilipopita nikijificha. "Hiyo ya shikamoo ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni nzuri. Lakini ya kula umekosea. Hivyo ndivyo mgeni anavyovimbiwa."

Kavinya alinikuta nje, karibu na basi la shule. Alisimama mbele yangu na sanduku la kete kifuani.

"Umenipotezea miaka miwili na nusu."

"Najua."

"Ama umenipa. Bado sijaamua." Akafikiri. "Ya askofu siiachi lakini. Waseme watakavyosema huko Kampala. Askofu wangu hatamla mwenzake."

Madam Pauline alinirudisha stoo kwa muhula mzima. Kazi yangu ni kunakili kanuni za kimataifa, zote, kwa mkono, nakala moja kwa kila shule ya kaunti. Ni ndefu ajabu, na hazina hata salamu moja. Mipira sasa ni miwili. Mmoja uliliwa na mbuzi. Mwalimu Maundu huja kila alasiri na kamusi ya Kijerumani aliyoiagiza Nairobi, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akalinganisha kila mstari wangu na kile kijitabu cha zamani. Hanisemeshi sana. Jana aliniuliza kama jina la gari la mjomba wangu lina maana, tukalitafuta pamoja.

Tukiwa hapo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Kavinya kutoka Kampala. Mwalimu aliusogeza mbali na macho ili auone, akausoma kwa sauti.

"Mwalimu, leo nimeshinda. Kuna baridi kidogo, sweta inafaa. Nimekaribishwa mara tatu na mara zote nimekataa."

Aliusoma tena kimoyomoyo. Kisha akatikisa kichwa, akairudisha simu mfukoni.

"Kukataa hivyo chakula cha watu," akasema.